Ndege ya Diski na Miguu ya Kapteni

Marahaba, karibuni ndani. Mwenye haraka aende zake tu, maana mimi habari za kazi sizisimulii nimesimama.

Juzi mlinionyesha ndege ndani ya simu mkaniuliza: Bibi, wewe uliyefanya kazi uwanja wa ndege, hii imefanana na ya kweli? Nikawajibu kwamba sijui. Mkacheka, mkadhani uzee umenifika. Haujanifika, asanteni. Swali hilo niliwahi kulijibu kwa haraka, mwaka mmoja wa tisini na kitu, mbele ya watu, kifua mbele, na jibu langu nusura limkoseshe mwenzangu nafasi ya mwisho aliyokuwa nayo ya kurudi kazini. Tangu siku hiyo nikiulizwa kama kitu kimefanana na cha kweli, kwanza nasema sijui, halafu ndiyo natafuta miwani.

Nilikuwa fundi wa saa za ndege. Si hizi za mkononi. Mbele ya rubani kuna saa nyingi za mviringo: ya mwendo, ya kimo, ya joto la injini, ya mafuta. Zikidanganya, na yeye anadanganyika, na abiria wake wote wanadanganyika naye. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hazidanganyi. Pale karakana nilikuwa mwanamke peke yangu, na nilipofika wakanipa ufagio. Nikafagia wiki mbili. Ya tatu nikauliza kama ufagio nao una cheti, maana cha kwangu kilikuwa cha ufundi. Mzee Makoye, fundi wa siku nyingi pale, akacheka, akanichukua niwe mwanafunzi wake.

Mzee Makoye alikuwa Msukuma wa Misungwi, mfupi, asiyepandisha sauti kwa mtu. Siku ya pili akaniweka kwenye kiti cha rubani nibadilishe saa ya kimo. Sasa, chini mbele ya kile kiti kuna pedali mbili. Ukisukuma ya kushoto, ule ubao mkubwa uliosimama mkiani unageuka na pua ya ndege inakwenda kushoto. Ya kulia hivyo hivyo. Mimi nilikaa nikanyoosha miguu kama niko sebuleni kwa shangazi. Kumbe Mzee alikuwa juu ya jukwaa kule mkiani, na mkono wake uko pale pale. Ubao ukageuka ukampiga begani, akaanguka chali.

Alikuja mbele polepole, ameshika bega. Hakunitukana. Alichukua kamba ya katani akanifunga vifundo vya miguu kwenye kiti, nyuma kabisa, akaniambia niendelee na kazi. Wiki nzima nilifanya kazi nimefungwa kama mbuzi wa mnadani, na watu walikuwa wanapita kuangalia. Lakini somo liliingia. Miaka kumi na minne baadaye, ukiniweka kwenye kiti cha rubani miguu yangu ilikuwa inarudi nyuma yenyewe, haiulizi. Hata kanisani mpaka leo naketi hivyo, na mama mchungaji amewahi kuniuliza kama naumwa.

Halafu likaja soko huria. Ninyi mmezaliwa mkalikuta, hamjui lilivyoingia. Siku moja yalibandikwa ukutani majina ya waliopunguzwa kazi, na aliyeliona jina lake akaenda kuchukua kikombe chake cha chai. Langu lilikuwemo. La Kapteni Lameck, rubani wa pale pale, nalo lilikuwemo. Mimi nikafungua kibanda Mabatini, hapa hapa Mwanza, nikawa natengeneza redio na mizani za watu wa samaki. Kapteni, ambaye ni Mjita wa kule upande wa Musoma, akaenda Usagara kuendesha mashine ya kusaga. Ukipita pale ulimkuta ana unga mpaka kwenye nyusi, lakini shati limechomekewa, na foleni ya akina mama imenyooka kama abiria. Miaka minne hakushika ndege, wala hakulalamika mbele ya mtu.

Soko huria hilo hilo likamkumbuka. Kampuni moja ya watu binafsi ilitaka kuleta ndege Mwanza, ya injini mbili za jeti, aina ile ile niliyoitengeneza mimi miaka yote ile. Yeye alikuwa ameruka za mapanga tu, zile za propela. Wakamwambia atapelekwa nje ya nchi kupimwa ndani ya simuleta, yaani kile chumba kikubwa kinachocheza kama ndege, ambacho rubani akiangusha haumii mtu. Akipita anaajiriwa. Akishindwa, basi, kwa umri wake hakuna atakayemwita tena. Alipewa wiki chache ajisomee. Mkewe alikuwa ameshaitoa sare ya zamani sandukuni na kuianika juani.

Hapo ndipo anaingia Deus, Mkerewe mwenye duka la kompyuta mjini, anayechapa barua na kadi za harusi. Deus alikuwa na ule mchezo wa kurusha ndege, na shemeji yake aliyeko ng'ambo alikuwa amemtumia diski ya nyongeza: unaiingiza kwenye mchezo, na badala ya kile kindege cha kitoto unapata jeti kamili, aina ile ile, saa zake zote, swichi zake zote, na kitabu kinene cha maelezo. Kapteni akamwuliza kama anaweza kujifunzia hapo. Deus, ambaye ni mfanyabiashara lakini si mwongo, akasema yeye hajui, aitwe mtu anayeijua ndege yenyewe. Nikaitwa mimi.

Kapteni alinieleza bila kuzunguka. Kama ile ni ndege, atakaa nayo kila siku mpaka aondoke. Kama ni mwanasesere, asiiguse kabisa, maana mazoea mabaya ni mabaya kuliko kutojua. Alisema atafanya nitakavyosema mimi.

Nikaikagua mchana wa siku mbili. Na hapa nyie vijana sikilizeni, maana mnapenda kukagua kitu kikiwa kinatembea. Kitu kikaguliwe kikiwa kimelala. Nilimwambia Deus aizime yote, betri, taa, kila kitu, ibaki giza, halafu nikaiamsha mwenyewe kwa kufuata kichwa changu, kitabu nikakifunga. Nikawasha betri. Saa zinazopaswa kuamka kwa betri zikaamka, na zisizopaswa zikalala. Nikawasha ile injini ndogo ya mkiani. Nikasikia mlio wake, unaanza kama mtu anavuta pumzi. Nikawasha injini kubwa. Sindano ya mzunguko ikapanda. Ya presha ya oili ikatetemeka kidogo kabla ya kuinuka. Nilipofungulia mafuta, sindano ya joto ikaruka, ikarudi nyuma kidogo, ikatulia.

Ule mtetemo wa sindano ya oili ndio ulionimaliza. Hakuna picha inayoonyesha vile, lazima uwe umeuona. Aliyetengeneza diski ile alikuwa amekaa kwenye kiti kile. Nilikuwa sijaiona sindano ile tangu nilipochukua kikombe changu cha chai, na machozi yakanitoka pale dukani, nikamwambia Deus kwamba kioo chake kina mwanga mkali.

Nikaichokoza. Nikazima pampu hii, nikakata umeme ule, nione kama taa ya hatari inayowaka ndiyo yenyewe. Ndiyo yenyewe. Nilipata kasoro mbili tatu nikaziandika kwa maringo. Kisha Kapteni akairusha ije Mwanza, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Ziwa lilikuwepo, la bluu kama rangi ya shule, lakini jiwe hakuna hata moja. Mwanza bila mawe! Kiseke yote hii tunakokaa hamna, nyasi tupu. Watu walikuwa wamejazana mlangoni, na mimi nikageuka kwenye kiti nikatoa hukumu kwamba hii ni ndege, Kapteni ajifunze kwa amani.

Akajifunza. Wiki tatu, kila siku baada ya chakula cha mchana, anatoka Usagara na daftari lake. Tulikuwa na mgao wa umeme wakati huo, kwa hiyo ndege ile ilianguka mara nyingi kwa sababu zisizohusu anga. Kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa anapita na beseni lake, anauliza ndege inakwenda wapi. Akiambiwa Dar, kesho yake anauliza kama ilifika. Akiambiwa umeme ulikatika angani anasikitika kweli kweli, anauliza na abiria je.

Katikati ya wiki ile ya kwanza Kapteni aliniuliza swali. Alikuwa anajizoesha injini kufa wakati wa kuruka, maana ndilo jambo ambalo wapimaji hawaliachi. Kwenye ndege zake za mapanga, injini moja ikifa pua inakimbilia upande uliokufa, na rubani lazima aikamate kwa mguu, kwa nguvu, papo hapo. Lakini hii ya diski, injini ikifa, ilikuwa inakwenda moja kwa moja imenyooka. Na pale mezani hapakuwa na pedali, kulikuwa na fimbo ya mkono tu. Akaniuliza kama jeti ndivyo zilivyo.

Mimi si rubani. Jibu sahihi lilikuwa maneno mawili: sijui, Kapteni. Lakini nilikuwa nimeshaitwa mtaalamu siku nne mfululizo, na utaalamu ni mtamu. Nikakumbuka kwamba mkiani mwa ndege ile kuna kifaa kinachotuliza mkia usiyumbeyumbe, nimekifungua mara nyingi. Nikamwambia kwa sauti ya mwalimu kwamba jeti hii ina kifaa chake, mkia unajitunza, asihangaike. Akaandika kwenye daftari. Niliona anavyoandika.

Zimebaki siku nane aondoke, nikapita pale dukani kumrudishia Deus redio yake. Kapteni alikuwa hewani, injini ya kulia imekufa, kengele inalia, uso umekaza. Miwani yangu ikaniponyoka ikaingia chini ya meza, nikainama kuitafuta. Huko chini nikakutana na miguu ya Kapteni. Amevua viatu. Amepachika mguu juu ya mguu, na kidole gumba kimoja kinakuna kingine, taratibu, kama mtu anayesikiliza salamu za redioni.

Nilibaki nimeinama. Nikakumbuka goti. Miaka ya nyuma, baada ya kubadilisha injini, nilipandishwa kwenye ndege ile ya kweli kwenda kuijaribu, nikaketi nyuma ya rubani niangalie saa zangu. Kule juu walipunguza nguvu ya injini moja makusudi, na nikaona goti la rubani limenyooka na paja linatetemeka kwa kusukuma. Saa zangu zilikuwa nzuri, nikaandika nzuri, nikateremka. Goti nililiona na sikuliandika, maana goti halikuwa kazi yangu. Nilivyofunzwa mimi, miguu kwenye kiti kile ilikuwa kitu cha kuficha. Nilikuwa nimekagua ndege nzima kuanzia kiunoni kwenda juu, na sikuona kwamba nusu ya chini haipo.

Nilichukua kile kitabu kinene nikaenda kukaa nacho kwenye ngazi. Sura za saa na umeme nilikuwa nimezisoma mpaka nukta. Sura za kuruka sikuzifungua, kwa kuwa si zangu. Mle ndani, mwishoni kabisa, mtengenezaji alikuwa ameeleza bila kificho: mchezo wenyewe una alama ya tiki inayomsaidia mtu asiye na pedali, kompyuta inakanyaga kwa niaba yake, anayetaka ndege ya kweli aitoe tiki hiyo na atafute pedali. Mwenzangu wa watu alikuwa amesema yote. Ni mimi ambaye sikusoma.

Na sasa niwaambie jambo ambalo silipendi. Nilifikiri kuitoa ile tiki kimya kimya. Kesho ndege ingeanza kupinda, ningesema mashine ya Deus imeharibika, au diski ina kasoro, au ni mambo ya umeme. Nani angejua? Niliendelea kukaa pale kwenye ngazi na kitabu mapajani, nikiona aibu kwa jambo ambalo bado sijalitenda. Kilichoniinua ni lile daftari. Jibu langu lilikuwa limeandikwa mle kwa mwandiko wake mzuri, na angekwenda nalo ng'ambo.

Nikaingia, nikamwomba Deus awatoe watu, nikaitoa tiki, nikamwambia Kapteni aruke na nitaua injini. Aliruka. Nikaua. Pua ikakimbia, bawa likalala, na kabla hajasema neno tukawa ndani ya ziwa lile la bluu.

"Kapteni," nikamwambia, "uliniuliza swali la rubani, nikakujibu. Nilikuwa silijui."

Hakuniangalia. Aliangalia kile kioo.

"Nimezoea vibaya karibu wiki mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Na siku ni nane."

"Ndiyo."

Akainama akavaa viatu vyake, akafunga kamba vizuri, kimoja halafu kingine. Nilitamani anitukane. Kisha akasema, "Basi, fundi, tengeneza hizo pedali."

Jamani, hapo nilirudi kuwa mtu. Nilichukua ubao wa mninga, nikautoboa katikati nikaupiga bolti sakafuni, ukawa unazunguka: ukisukuma kushoto, kulia kunarudi. Pale kwenye bolti nikafunga kitufe cha sauti kilichong'olewa kwenye redio kuukuu. Kile kitufe ukikizungusha kinabana umeme au kinauachia. Kwenye redio inapanda sauti, na kwenye kompyuta inakwenda pua ya ndege, umeme haujui tofauti. Nyaya nikazipeleka nyuma ya mashine pale inapochomekwa fimbo. Deus alifumba macho nilipowasha, nafikiri alikuwa anasali. Ikawaka. Lakini ubao ulikuwa mwepesi mno, hata mtoto angeusukuma, na mguu uliozoea wepesi ungeshangaa huko ng'ambo. Nikafunga ile mipira ya kubania mizigo kwenye baiskeli, minne kila upande, mpaka paja langu mwenyewe likatetemeka. Hapo nikajua ni goti lile lile.

Siku nane nilikaa nyuma yake na kuua injini bila kumwambia. Akipiga soga naua. Akinywa chai naua. Kila nikiua napaza sauti, "Mguu!", na muuza dagaa naye mlangoni akajifunza, anapaza kabla yangu. Siku za kwanza mguu ulichelewa kila mara, tukazama ziwani mpaka nikaacha kuhesabu. Siku ya tano ukaanza kuwahi. Mkewe alinijia kibandani kuniuliza ni kompyuta ya namna gani hii inayomfanya mume wake achechemee na kuomba kukandwa goti. Nikamwambia ukweli wote. Akanitazama, akasema atanisamehe mume wake akirudi na kazi, kabla ya hapo haniahidi.

Kapteni akaondoka. Siku zile za kungoja sikuwa fundi wa maana. Niliharibu mizani ya mtu ikawa inapima sangara wawili kama mmoja, mwenyewe akaja juu, na alikuwa na haki. Nilikuwa najiuliza: kama ningeinama chini ya ile meza siku ya kwanza?

Simu ilipigwa dukani kwa Deus siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na nikatumiwa mtu mbio Mabatini. Nilipofika Kapteni alikuwa amepiga mara ya pili. Akaniambia kwamba walimuulia injini mara tatu, na ile ya tatu ilikuwa mbaya, magurudumu yanaachana na ardhi, mpimaji huku anamwuliza habari za Mwanza. Alisema mguu ulikwenda kabla yeye hajafikiri. Mpimaji aliandika kwamba mguu wake ni mzito kidogo kuliko inavyotakiwa, apunguze. Hiyo ni mipira yangu, nakiri. Lakini amepita, na ameshasaini.

Nilimpa Deus mkono wa simu nikalia, safari hii bila kusingizia kioo. Baadaye Deus akanirudishia, akasema Kapteni bado ananitaka.

"Mama Kulwa," sauti ikaja kwa mbali, "watu watakuuliza kama ile diski ilikuwa nzuri."

Nikamwambia ni kweli, wameshaanza kuniuliza, na sijui niwajibu nini.

"Habari ya diski iache. Nimefanya kazi na mafundi wengi walioniambia ndege iko sawa. Wewe waambie ulirudi ukasema ulikosea."

Basi, nimewaambia.